Maswali na Majibu: Wana wa Toirdelbach na Kiti cha Munster

Toleo hili tumewapa nafasi wasomaji watatu walioandika kuhusu jambo moja, yaani ugomvi wa ndugu waliotawala kusini mwa Ayalandi katika karne ya 11 na ya 12. Barua ya kwanza ilitufikia kutoka hukohuko Ayalandi. Nyingine mbili ziliandikwa na wasomaji tuliowaonesha barua hiyo na ambao hawakuridhika kuiacha ipite.

SWALI: Mimi ni muuguzi, na ninafanya kazi Limerick, magharibi mwa Ayalandi. Hivi karibuni nilitembelea mji mdogo wa Killaloe, ulio kando ya mto Shannon, na katika kanisa kuu la Mtakatifu Flannan nikaoneshwa mlango wa mawe uliochongwa kwa ustadi mkubwa, ambao wenyeji husema ulikuwa wa kaburi la mfalme Muirchertach wa ukoo wa O'Brien. Mzee aliyetutembeza alisema kwamba mfalme huyo aligombana na ndugu yake Diarmait kwa muda mrefu, kisha akaendelea na habari nyingine. Naomba kufahamishwa: ndugu hao waligombania nini, na ugomvi wenyewe ulianzia wapi? (Msomaji, Limerick)

JIBU: Msomaji wetu, waligombania kiti cha Munster, ufalme wa kusini mwa Ayalandi, ambao makao yake makuu yalikuwa Kincora, papo hapo Killaloe uliposimama. Hata hivyo, Muirchertach na Diarmait hawakuwa wa kwanza katika ukoo wao kugombana hivyo. Walirithi ugomvi pamoja na kiti, na ili kuuelewa hatuna budi kurudi nyuma miaka 72 kabla ya kifo cha baba yao.

Mkuu wa ukoo huo ni Brian Bóruma, aliyewatoa watu wake, Dál gCais, katika udogo wao wa ukingoni mwa Shannon na kuwafanya tishio kwa wafalme wote wa kisiwa. Brian aliuawa tarehe 23 Aprili 1014, siku ya Ijumaa Kuu, katika vita vya Clontarf karibu na Dublin. Siku hiyohiyo alikufa Murchad, mwanawe aliyetarajiwa kumrithi, na mwana wa Murchad pia. Kwa hiyo jioni moja iliondoa babu, baba na mjukuu, na kiti kikabaki mbele ya wana wawili wa Brian, Tadc na Donnchad, waliokuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mama yake Donnchad ni Gormlaith, ambaye kabla ya kuolewa na Brian alikuwa mke wa mfalme wa Waviking wa Dublin. Ndiyo kusema kwamba Sitric, mfalme wa Dublin ambaye watu wake walipigana dhidi ya Brian pale Clontarf, alikuwa ndugu wa Donnchad kwa mama. Kijana wa namna hiyo alikuwa na wajomba, ndugu na marafiki ambao kaka yake hakuwa nao, na mtu mwenye watu wake mwenyewe hana haja ya kumwomba kaka yake ruhusa.

Mwaka huohuo wa 1014, kabla msiba haujapoa, Tadc na Donnchad walipigana vitani. Tadc alishinda, lakini ushindi wake haukumaliza jambo. Mwaka 1019 Donnchad alishambuliwa akakatwa mkono wa kulia, naye akaendelea kushika madaraka. Mwaka 1023 Tadc aliuawa kwa hila na watu wa Éile, ukoo mdogo wa jirani, na tarihi zilizoandikwa na watawa hazimung'unyi maneno juu ya hilo: waliomuua walichochewa na ndugu yake Donnchad.

Donnchad akapata kiti peke yake, akakikalia miaka 40. Lakini Tadc alikuwa ameacha mtoto wa kiume, jina lake Toirdelbach, na mtoto wa ndugu aliyeuawa hakosi wa kumpokea. Aliyemuunga mkono ni Diarmait mac Máel na mBó, mfalme wa Leinster, upande wa mashariki, ambaye msomaji asimchanganye na Diarmait wa swali lake. Mfalme huyu wa Leinster hakuwa na haki yoyote juu ya Munster. Angeivamia kwa jina lake mwenyewe, wakuu wa Munster wote wangesimama pamoja dhidi yake. Akiwa na Toirdelbach ubavuni, alikuja kama mtetezi wa yatima aliyedhulumiwa na baba mdogo, na wakuu waliokuwa na kinyongo na Donnchad wakapata sababu ya heshima ya kumwacha. Mwaka 1058 Limerick, mji unaofanya kazi wewe leo, ulichomwa moto katika vita hivyo. Mwaka 1063 Donnchad aliondolewa madarakani, akafunga safari ya kwenda Roma kuhiji, akafia huko mwaka 1064, mzee mwenye mkono mmoja katika nyumba ya watawa. Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu naamini ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Toirdelbach alijua kuliko mtu yeyote jinsi ndugu aliyefukuzwa, au mwana wa ndugu aliyeuawa, anavyogeuka kuwa silaha mikononi mwa jirani, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwa silaha hiyo.

Pamoja na kujua hayo, hakupata dawa. Toirdelbach ndiye anayeitwa Ua Briain, yaani mjukuu wa Brian, na jina hilo ndilo lililokuja kuwa O'Brien. Mwaka 1075 alimweka mwanawe Muirchertach kuwa mtawala wa Dublin, jambo lililoonesha macho yake yalikuwa kwa nani. Alipofariki Kincora tarehe 14 Julai 1086, Munster iligawanywa mafungu matatu kwa wanawe Tadc, Muirchertach na Diarmait. Tadc alikufa kabla ya mwezi kwisha. Muirchertach hakusubiri kuona kama mafungu mawili yangeweza kukaa kwa amani: alimfukuza Diarmait kutoka Munster. Hapa tena tunakuta habari ya mama, kwa kuwa Tadc na Muirchertach walikuwa wa tumbo moja, wana wa Derbforgaill, binti wa ukoo wa kifalme wa Osraige, nchi ndogo iliyo kati ya Munster na Leinster, na Diarmait alizaliwa na mke mwingine.

Diarmait alikwenda Leinster, palepale baba yake alipopata msaada miaka mingi kabla. Mwaka uliofuata, 1087, majeshi ya Munster na Leinster yalikutana Howth, karibu na Dublin, Muirchertach akiwa upande mmoja na ndugu yake upande wa pili, na Muirchertach akashinda. Kushinda Howth hakukumpa utulivu. Mwaka 1088 Domnall Mac Lochlainn, mfalme wa kaskazini, akiungana na Ruaidrí, mfalme wa Connacht, upande wa magharibi, alishuka hadi Munster akachoma Limerick na Kincora yenyewe. Nyumba ya Brian iliteketea miaka miwili tu baada ya kifo cha Toirdelbach, wakati wanawe wakiwa hawajapatana.

SWALI: Nimesoma barua ya dada yetu wa Limerick na nimebaki na mshangao. Je, watu hao hawakuwa na desturi ya kumpa ufalme mwana wa kwanza ili mambo yaishe? Mbona walikubali kuuana kizazi baada ya kizazi kwa jambo ambalo sheria moja ingelimaliza? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hawakuwa nayo, na kwa maoni yangu hawakuwa wajinga kwa kutokuwa nayo. Kwa sheria ya Wagaeli, yaani wenyeji wa Ayalandi, kiti kilikuwa mali ya ukoo. Kila mwanamume ambaye baba yake, babu yake au baba wa babu yake alikuwa mfalme aliweza kuhesabiwa kuwa anastahili, na wakuu wa nchi ndio waliomkubali au kumkataa. Faida yake ilikuwa wazi: nchi haikutawaliwa na mtoto mchanga wala na mtu aliyeshindwa kuongoza vita, kwa kuwa palikuwa daima na mtu mzima mwenye uwezo wa kuchaguliwa. Kwa nchi ambayo mfalme wake alitazamiwa kwenda mbele ya jeshi kila msimu wa vita, hilo halikuwa jambo dogo.

Hasara yake ni kwamba kila ndugu aliamka asubuhi akiwa na haki. Huyu hakuwa mwasi kwa kutamani kiti, na mwenziwe hakuwa dhalimu kwa kukilinda. Wote wawili waliweza kusimama mbele ya wazee na kutaja nasaba yao bila kusema uongo. Tukisoma habari hizi kama kisa cha ndugu mwema na ndugu mwovu, tutazikosea. Donnchad alifanya uovu mkubwa, lakini haki aliyoipigania ilikuwa haki kweli.

Mambo mengine mawili yaliongeza ukali wa jambo hili. La kwanza ni ndoa. Wakuu wa Kigaeli walioa wake zaidi ya mmoja, au waliacha na kuoa tena kwa urahisi, na mtoto aliyekubaliwa na baba yake alikuwa na nafasi sawa na wengine hata kama mama yake hakuwa mke wa kwanza. Jambo hilo liliwaudhi maaskofu wa nje kiasi kwamba Lanfranc, askofu mkuu wa Canterbury, alimwandikia Toirdelbach Ua Briain barua mwaka 1074 akimlalamikia juu ya ndoa za watu wake. La pili ni malezi. Watoto wa wakuu hawakulelewa nyumbani kwao. Walipelekwa wakiwa wadogo katika nyumba nyingine zenye hadhi, wakakulia huko hadi ujanani, na mapenzi kati ya mtoto na walezi wake, au kati yake na watoto wa walezi wake, yalikuwa na nguvu ya ajabu. Ndugu wa baba mmoja waliweza kufika utu uzima bila kuwahi kula pamoja isipokuwa siku za karamu. Walipokutana mbele ya kiti, kila mmoja alikuwa na jeshi la watu waliompenda tangu utoto, na watu hao hawakuwa watu wa ndugu yake.

Palikuwa pia na kanuni kwamba mfalme awe mzima wa mwili, na kanuni hiyo ndiyo iliyozaa ukatili wa kupofusha. Kumuua ndugu ni dhambi inayomfuata mtu hadi kaburini, lakini ndugu aliyetobolewa macho hawezi tena kuwa mfalme, na aliyemfanyia hivyo anaweza kujisemea kwamba hakumwaga uhai. Ruaidrí wa Connacht, yule aliyeshiriki kuchoma Kincora, alipofushwa mwaka 1092 na mmoja wa wakuu wa nchi yake mwenyewe, na ufalme wake ukaishia hapo. Ajabu ni kwamba Donnchad, pamoja na kukosa mkono wa kulia, aliendelea kutawala zaidi ya miaka 40 baadaye. Inaonekana mkono ulisameheka kwa mtu mwenye nguvu, lakini macho hayakusameheka.

Msomaji anauliza kuhusu sheria moja ya kumaliza yote. Tutazame ng'ambo ya bahari wakati huohuo. William aliyeiteka Uingereza alikufa mwaka 1087, mwaka mmoja tu baada ya Toirdelbach, na wanawe nao wakapigana. Mdogo wao, Henry, alimkamata kaka yake mkubwa Robert vitani mwaka 1106 na kumweka kifungoni mpaka Robert alipofariki mwaka 1134. Kuzaliwa wa kwanza hakukumwokoa Robert.

SWALI: Wahenga wetu walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nasikitika kuona majirani wa ndugu hawa hawakwenda kulima, bali waliingia katikati. Je, hapakuwa na viongozi wa dini au wazee wa kuwapatanisha? Na kama walipatana, ni nini kilichovunja upatanisho huo? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Walikuwapo, na walifanya kazi yao. Naona uchungu kwamba sehemu hii ya habari husimuliwa kwa nadra, kana kwamba watu hawa hawakujua lolote isipokuwa vita.

Mwaka 1093 Diarmait alirudi. Kwa lugha ya tarihi, mtu anayejisalimisha kwa mfalme huelezwa kuwa "ameingia nyumbani kwake", na maneno hayo yalikuwa na maana yake halisi, kwani aliyeingia alikula chakula cha mwenye nyumba na kukubali ulinzi wake. Ndugu hawa walifanya amani na kuapa huko Cashel na Lismore, mbele ya askofu Ua hÉnna na wakuu wa Munster, huku masalia matakatifu ya Ayalandi yakiwekwa kuwa dhamana, pamoja na Fimbo ya Yesu, ambayo waumini wa huko waliiheshimu kuliko karibu kitu kingine chochote. Aliyevunja kiapo cha namna hiyo alimkosea ndugu yake na watakatifu wote waliotajwa. Nadhani pia kwamba saa ya amani ilikuwa imefika kwa sababu za kidunia: Ruaidrí wa Connacht alikuwa amepofushwa mwaka uliotangulia, na Diarmait alikuwa amepungukiwa na majirani wa kumtegemeza. Lakini sioni sababu ya kuidharau amani kwa kuwa ilikuja wakati mmoja wao amechoka, maana ni nadra amani kuja wakati mwingine.

Zaidi ya hayo, Muirchertach alimpa ndugu yake kazi na heshima. Tunalo ushahidi wa maandishi. Mwaka 1096 watu wa Waterford walipomwandikia Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, kumwomba awawekee wakfu askofu wao Malchus, barua ilithibitishwa na mfalme Muirchertach, na miongoni mwa waliothibitisha pamoja naye yumo Diarmait, ameandikwa kwa Kilatini kuwa mkuu, "ndugu wa mfalme". Maneno hayo, ndugu wa mfalme, yananigusa kila ninapoyakumbuka. Mtu aliyepigana upande wa Leinster pale Howth anaandikwa kwa cheo kinachotokana na undugu uleule uliomfukuzisha.

Miaka hiyo ya amani ndiyo iliyokuwa miaka ya nguvu za Munster. Mwaka 1101 Muirchertach alilitoa jabali la Cashel, kiti cha kale cha wafalme wa Munster, likawa mali ya Kanisa. Mwaka huohuo alikwenda kaskazini kulipiza kisasi cha Kincora: alibomoa ngome ya Aileach ya Mac Lochlainn, na inasimuliwa kwamba aliwaamuru askari wake wabebe jiwe moja la ngome hiyo kwa kila gunia la chakula walilokuwa nalo. Asingethubutu kwenda mbali hivyo kama angekuwa na ndugu mwenye hasira nyuma yake.

Amani hiyo ilidumu miaka 21, na haikuvunjwa na tusi wala na shamba. Ilivunjwa na ugonjwa. Mwaka 1114 Muirchertach alishikwa na maradhi mazito, akakonda hadi tarihi zikamwita mifupa iliyo hai, na Diarmait akachukua ufalme bila idhini yake. Sheria niliyoieleza hapo juu inaonesha kwa nini: mfalme asiyeweza kusimama si mfalme, na mwenye haki aliye karibu zaidi alikuwa ni yeye. Wafalme wa kaskazini na wa Connacht, waliokuwa wakingoja kwa miaka mingi, hawakukosa kuiona nafasi hiyo. Kisha likatokea lisilotarajiwa na yeyote: mgonjwa akapata nafuu. Mwaka 1115 Muirchertach alirudi, akamkamata Diarmait na kukitwaa kiti tena, lakini afya haikurudi yote na utii wa wakuu haukurudi wote. Kiapo cha mwaka 1093 kilikuwa kimefikiria mfalme mzima na mfalme aliyekufa. Hakikufikiria mfalme aliyelala kitandani mwaka mzima kisha akaamka.

Diarmait alikufa mwaka 1118, na Muirchertach mwaka 1119. Anayeuliza ni nani aliyevuna na atazame mwaka 1118: Toirdelbach Ua Conchobair, mfalme wa Connacht, alishuka Munster akaikata vipande viwili, kusini akawapa ukoo wa Mac Carthaigh na kaskazini, Thomond, akawapa wana wa Diarmait. Ufalme ambao Brian aliujenga uligawanywa na jirani, na haukuungana tena kama zamani. Wana wa Diarmait nao hawakusalimika. Mwaka 1151 mwanawe Toirdelbach alishindwa vibaya Móin Mór, maelfu ya watu wakafa, na ndugu yake Tadc Gláe alikuwa upande wa Connacht. Mwaka 1154 Tadc huyo alipofushwa na jamaa yake mwenyewe.

Namrudia msomaji wetu wa Limerick kwa jambo moja la mwisho. Wakuu wote wa ukoo wa O'Brien waliokuja kuitawala Thomond baada ya hapo ni uzao wa Diarmait, yule aliyefukuzwa mwaka 1086. Mjukuu wake, Domnall Mór, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kanisa kuu la Mtakatifu Maria lililoko katikati ya mji wenu, kando ya Shannon, mahali ambapo kwa mapokeo palikuwa na nyumba ya mfalme. Mlango uliouona Killaloe unabeba jina la Muirchertach. Kanisa la Limerick, umbali wa safari fupi tu ukifuata mto, ni la nyumba ya ndugu yake.